August Hermann Francke na Nyumba ya Yatima ya Halle

Mwezi huu twataka kuwasimulia maisha ya August Hermann Francke, mchungaji wa Glaucha karibu na mji wa Halle katika nchi ya Ujerumani, aliyefariki mwaka wa 1727. Jina lake si geni kwa wengi wenu. Waalimu waliosoma habari za Kanisa hukumbuka ya kwamba alianza kazi yake kwa fedha chache zilizotiwa katika sanduku la sadaka, na kisa hicho husimuliwa mara nyingi siku za sikukuu ya mavuno. Lakini husimuliwa nusu. Watu huanza na sanduku, kisha huruka mpaka kwenye majumba makubwa, wakamshukuru Mungu, wakaketi. Sisi twataka kuyatazama yale ya katikati, yaani jinsi kazi iliyoanzwa kwa ajili ya watoto maskini wa mtaa mmoja ilivyogeuka hatua kwa hatua ikawa kitu kingine, wala haikuwako siku hata moja ambayo mtu aliweza kusema ya kwamba leo tumeiacha njia.

Francke alizaliwa mwezi wa Machi mwaka wa 1663 huko Lübeck, mji wa bandari upande wa kaskazini. Baba yake alikuwa mwanasheria. Mtoto alipokuwa wa miaka mitatu, baba aliitwa kumtumikia mtawala Ernst wa Gotha, ambaye watu walimwita Mcha Mungu kwa sababu ya bidii yake katika mambo ya shule na makanisa. Jamaa yote ikahamia Gotha. Baba akafa mwaka wa 1670, mwanawe angali mdogo. Kijana akakua, akasoma Erfurt na Kiel, akakaa Hamburg kwa mwalimu mmoja hodari wa Kiebrania, na mwaka wa 1684 akafika Leipzig. Katika lugha alikuwa na akili nyepesi mno, na yeye mwenyewe baadaye aliungama ya kwamba siku zile alitafuta heshima ya elimu kuliko Mungu.

Huko Leipzig, mwaka wa 1686, yeye na rafiki yake Paul Anton walianzisha chama kidogo cha waalimu vijana. Nia yao ilikuwa kukutana siku ya Jumapili na kusoma Maandiko Matakatifu kwa Kiebrania na Kiyunani, ili lugha hizo zisiwatoke. Ilikuwa kazi ya wasomi, wala si zaidi. Philipp Jakob Spener, mhubiri mkuu wa Dresden, aliposikia habari za chama hicho aliwashauri wasome vifungu vifupi zaidi, na kutafuta katika kila kifungu faida ya nafsi zao wenyewe. Wakamsikia, na chama kikageuka. Kilichoanzwa kwa ajili ya ulimi kikawa kwa ajili ya moyo. Jambo hili twalitaja mapema kwa makusudi, msomaji asije akadhani ya kwamba kila chama kiachacho nia yake ya kwanza kimepotea. Hiki kiliacha nia ndogo kikapata kubwa.

Mwaka wa 1687 Francke alikuwa Lüneburg. Akaombwa ahubiri, akachagua neno la Injili ya Yohana, mwisho wa sura ya 20, linalosema habari za imani iletayo uzima. Alipokaa kuitengeneza hotuba akaona ya kwamba imani hiyo anayotaka kuwahubiri wengine yeye mwenyewe hana. Alikuwa mwenye shahada ya chuo, mwenye lugha nyingi kinywani, naye hakuwa na hakika hata ya kuwako kwake Mungu. Alifadhaika siku kadhaa. Ndipo jioni moja akapiga magoti, akamwita Mungu asiyemjua bado, na alipoinuka mashaka yote yalikuwa yamekwisha kuondoka. Tangu hapo aliihesabu siku ile kuwa mwanzo wa maisha yake ya kweli.

Aliporudi Leipzig mwaka wa 1689 alifundisha Nyaraka za Paulo kwa namna iliyowavuta wanafunzi wengi, hata wenyeji wa mji wasio wasomi wakaja kusikiliza. Wakubwa wa chuo wakaona hatari. Wafuasi wake wakapewa jina la dhihaka, Wapietisti, yaani watu wa utauwa wa kupita kiasi, na mwaka wa 1690 mikutano yao ikapigwa marufuku. Francke akaenda Erfurt kuwa mchungaji msaidizi, na huko nako hakudumu. Mwezi wa Septemba mwaka wa 1691 wakuu wa mji wakamfukuza, wakampa muda mfupi mno wa kufungasha mizigo yake. Msomaji na ayaweke haya moyoni, kwa kuwa tutayarudia.

Wakati ule mtawala wa Brandenburg, Friedrich III, alikuwa akianzisha chuo kikuu kipya Halle. Spener, ambaye sasa alikuwa Berlin, akamwombea ndugu yake mahali. Basi mwezi wa Januari mwaka wa 1692 Francke akafika Halle kuwa profesa wa Kiyunani na lugha za mashariki, na pamoja na hayo akapewa usharika wa Glaucha, nje ya ukuta wa mji.

Glaucha palikuwa mahali pa taabu. Tauni ya mwaka wa 1682 ilikuwa imewaua watu wengi na kuacha wajane na watoto wasio na mtu. Mchungaji aliyemtangulia Francke alikuwa ameondolewa kwa mwenendo mbaya. Yasemekana ya kwamba katika nyumba kama 200 zilizokuwako, 37 zilikuwa za kuuzia vileo. Maskini walizoea kuja mlangoni kwa mchungaji siku ya Alhamisi kupokea mkate. Francke akaanza kuwaingiza ndani kwanza, wakubwa kwa wadogo, akawauliza maneno machache ya Katekisimo kabla ya kuwapa chakula. Akaona ya kwamba hawajui neno. Akawapa fedha ya ada ya shule kwa watoto. Wakaipokea fedha, na shuleni hawakuonekana. Ndipo akatundika sanduku la sadaka katika chumba cha kukaa nyumbani mwake, na juu yake akaandika neno la Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 3, linalomhusu mtu mwenye riziki amwonaye ndugu yake ni mhitaji.

Karibu na Pasaka ya mwaka wa 1695 mtu mmoja akatia humo thaler 4 na groschen 16 kwa mara moja. Francke aliposhika fedha hizo mkononi alifurahi sana, akaamua papo hapo kwamba kwa mtaji huo ataanzisha shule ya maskini. Wala hakungoja. Siku ile ile alitoa thaler 2 kununua vitabu, akamwajiri mwanafunzi mmoja maskini wa chuo kufundisha saa mbili kila siku. Watoto wakapewa vitabu 27 waende navyo nyumbani. Vikarudi vinne. Vingine vyote vilikwenda na wenyewe, na watoto hawakuonekana tena. Francke hakukata tamaa. Alinunua vitabu vingine kwa zile groschen 16, akaweka amri ya kwamba tangu leo vitabu visitoke chumbani.

Twapenda kukaa kidogo hapa. Sanduku moja, mwalimu mmoja, watoto wachache waliovaa matambara katika chumba cha mchungaji, na vitabu visivyotoka nje: hiyo ndiyo ilikuwa kazi yote, na kila mtu aliyeingia angaliweza kuona mara moja ni kwa ajili ya nani.

Mwaka ule haujaisha mambo yalikuwa yamekwisha kubadilika. Wenyeji wenye mali kidogo waliona ya kwamba mafundisho ya shule ile ni mazuri, wakaomba watoto wao wapokewe kwa malipo. Francke angewakataaje? Malipo yao yalimsaidia kumlipa mwalimu. Kisha jamaa za wakuu wakamletea wana wao alee, na hao hawakuweza kuketi na watoto wa ombaomba, basi wakawekwa peke yao. Na huo ndio mwanzo wa shule ya wakuu iliyoitwa Pädagogium. Alipoona ya kwamba watoto wa maskini wafundishwayo asubuhi huharibiwa jioni huko kwao, akataka amchukue mmoja asiye na wazazi amlee kabisa. Akaletewa wanne, ndugu wa mama mmoja. Akawachukua wote wanne, na baada ya siku chache walikuwa tisa. Mwaka wa 1696 wanafunzi maskini wa chuo wakaanza kupewa chakula bure mezani pake, na badala yake wakafundisha shuleni.

Kila hatua ilikuwa na sababu njema, na kila sababu ilizaa nyingine. Wazee wa usharika wajua jambo hili: ukiwajengea watoto wa shule jiko, kesho utahitaji kuni, na keshokutwa mlinzi wa kuni. Watoto wakaugua, akahitajiwa mganga. Mganga akahitaji dawa. Dawa zikahitaji chumba cha kuzitengenezea, na chumba hicho kikawa duka. Hotuba moja ya Francke ikapigwa chapa na kuuzwa na rafiki yake Elers katika soko la Leipzig. Ikapata wanunuzi, na kutoka hotuba hiyo yakatokea duka la vitabu na mtambo wa chapa. Wana wa wakuu walikatazwa michezo, kwa maana Francke aliihesabu michezo kuwa kupoteza wakati. Lakini ilikuwa lazima wafanye kitu, basi wakawekewa mashine za kukerezea miti, na bustani, na chumba cha vitu vya ajabu kutoka nchi za mbali. Katika chumba hicho mamba aliyekaushwa alitundikwa darini, naye angaliko hata leo.

Mwezi wa Julai mwaka wa 1698 liliwekwa jiwe la msingi la nyumba kubwa. Francke hakuwa na fedha za kuimaliza. Alimwomba Mungu, akawalipa mafundi kila Jumamosi kwa kadiri alivyopata, na zilikuwako Jumamosi ambazo asubuhi hapakuwa na kitu na jioni mafundi wote walikuwa wamekwisha kulipwa. Mambo hayo aliyaandika, na tangu mwaka wa 1701 yakatoka kitabuni, ili watu wauone mkono wa Mungu aliye hai. Kitabu kikasomwa Ulaya nzima, nazo zawadi zikaja kutoka nchi ambazo hakuwahi kukanyaga. Hatuna shaka juu ya imani yake. Hata hivyo, kwa fikira zetu, kitabu kile kiliigeuza nyumba kuliko mawe na chokaa. Kabla yake nyumba ilikuwako kwa ajili ya watoto. Baada yake ilikuwako pia ili kuwathibitishia watu wa mbali ya kwamba Mungu yuko na asikia maombi. Nyumba iliyo ushahidi haiwezi kupungua. Ikipungua chumba kimoja, adui watasema nini?

Tena lilikuwapo jambo ambalo wasimuliaji wa sikukuu huliacha. Mwezi wa Septemba mwaka ule wa 1698 mtawala Friedrich aliipa nyumba hati kubwa yenye haki nyingi: msamaha wa kodi, ruhusa ya kuuza dawa, ruhusa ya kuuza vitabu na kupiga chapa. Si kila fedha ilishuka bila kutazamiwa. Mganga Christian Friedrich Richter, mtu mcha Mungu na mtunga nyimbo za Kanisa, alitengeneza maji ya dhahabu yaliyoitwa Essentia dulcis, na dawa za Halle zikauzwa mbali sana, hata ng'ambo ya bahari. Sifa walizozipa dawa hiyo zilipita nguvu zake. Hakuna mganga wa leo angewapa wagonjwa wake. Lakini fedha zake zililisha yatima miaka mingi, na twaona vigumu kumhukumu mtu aliyetaka kuwalisha.

Je, Francke hakujua ya kwamba kazi yake inatanuka? Alijua sana. Mwaka wa 1704 aliandika mpango mrefu, na humo yatima wa Glaucha ni sehemu ndogo tu. Halle ilikuwa iwe mahali pa kuwatayarisha waalimu, wachungaji na watumishi wa serikali watakaoitengeneza Ujerumani, na baada ya Ujerumani Ulaya, na baada ya Ulaya dunia yote. Msomaji asicheke. Mambo mengi aliyoyapanga yalitimia. Mwaka wa 1710 rafiki yake, bwana Carl Hildebrand von Canstein, alianzisha huko kazi ya kupiga chapa Biblia za bei rahisi. Hila yake ilikuwa kuziacha herufi za kila ukurasa zikiwa zimepangwa tayari, zisivunjwe, ili kila mara wanapotaka Biblia nyingine wasianze upya kupanga. Kwa njia hiyo mtu maskini aliweza kununua Agano Jipya kwa groschen 2, na katika miaka mia iliyofuata vitabu vilivyotoka katika nyumba ile vilipita milioni.

Na kabla ya hapo, mwaka wa 1706, vijana wawili waliosoma Halle, Bartholomäus Ziegenbalg na Heinrich Plütschau, walishuka merikebuni huko Tranquebar katika pwani ya India, wametumwa na mfalme wa Denmark. Francke hakuwa amefanya kazi yake kwa ajili ya misioni. Mfalme alitafuta watu, na watu wakapatikana huko kwa kuwa huko ndiko walikofundishwa. Kisha Francke akawa mtunzaji wao: akapokea barua zao, tangu mwaka wa 1710 akazipiga chapa, akawakusanyia sadaka, akawapelekea mtambo na herufi za Kitamil. Agano Jipya la Ziegenbalg kwa lugha ya Kitamil lilimalizika mwaka wa 1715.

Hapo sisi wenyewe tumo ndani ya kisa. Katika miaka ya 1840 ndugu wa Misioni ya Leipzig waliichukua kazi iliyobaki Tranquebar, na ni Misioni hiyo iliyofika Kilimanjaro mwaka wa 1893. Kama Francke angalisimama imara katika nia yake ya kwanza, akasema ya kwamba sanduku hili ni la watoto wa Glaucha tu, tusingaliweza kumlaumu. Lakini njia hii iliyofika kwetu isingalianza pale. Kwa hiyo twamwomba msomaji asitutazamie tutoe hukumu ya haraka juu ya kazi iliyotoka katika mipaka yake.

Lakini kisa kina upande mwingine, nao twauandika kwa uzito.

Mwaka wa 1713 Friedrich Wilhelm I alitawazwa kuwa mfalme wa Prussia. Alikuwa mtu wa askari, mkali, asiyependa gharama za bure, na mwanzoni aliwadhania vibaya watu wa Halle. Mwaka ule ule akaja kuitazama nyumba. Francke akamtembeza shuleni, jikoni, dukani, penye chapa, na mfalme akaona utaratibu, bidii, usafi na hesabu zisizo na kasoro. Akapendezwa sana. Tangu siku hiyo Halle ikawa na rafiki mkubwa kupita wote. Wachungaji wa majeshi wakatafutwa huko. Mwaka wa 1724 mfalme akajenga Potsdam nyumba ya yatima wa askari kwa mfano wa ile ya Halle. Francke akaona milango inafunguka, akashukuru. Hakuona, au hakutaka kuona, ya kwamba mtu apewaye mlango na mfalme hutazamiwa apite humo na mizigo ya mfalme.

Katika chuo kikuu cha Halle alikuwako profesa mmoja aitwaye Christian Wolff, mwalimu wa hesabu na falsafa, ambaye wanafunzi walimiminika kumsikiliza. Mwezi wa Julai mwaka wa 1721 alitoa hotuba juu ya maadili ya Wachina, akasema ya kwamba watu wale waliweza kuujua wema kwa akili zao bila kufunuliwa Neno la Mungu. Francke na mwenzake Joachim Lange walifadhaika. Walihofia roho za wanafunzi, na hofu yao haikuwa ya uongo. Hata sisi tusingependa waalimu wetu wafundishwe ya kwamba Injili si lazima. Wangaliweza kumjibu kwa vitabu, na Lange alijibu. Lakini walishitaki pia, na mashitaka yakafika kwa mfalme. Yasimuliwa ya kwamba mfalme hakuzijali sana hoja za wasomi, mpaka mtu mmoja alipomweleza kwamba kwa mafundisho ya Wolff askari akitoroka hana kosa, maana amekwisha kuandikiwa kutoroka. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1723 ikatoka amri: Wolff aondoke katika nchi zote za mfalme kwa saa 48, na asipoondoka atanyongwa.

Francke hakuwa ameomba kamba ya kunyongea. Lakini habari ilipomfikia alihesabu ya kwamba Mungu amesikia maombi yake.

Basi, wasomaji, mtakumbuka Leipzig, na mtakumbuka Erfurt, na muda ule mfupi wa kufungasha mizigo. Yeye aliyefukuzwa kwa sababu ya mafundisho yake, baada ya miaka 32 alimwona mwingine akifukuzwa kwa sababu ya mafundisho yake, akashukuru. Tumelitafakari jambo hili mara nyingi, wala hatuwezi kusema ya kwamba Francke alikuwa amekuwa mtu mbaya. Alisali kama siku zote, aliwapenda watoto kama siku zote. Lakini alikuwa na nyumba. Mtu mwenye sanduku tu la thaler 4 hawezi kumwogopa mwalimu wa falsafa. Mtu mwenye shule, na duka, na mtambo wa chapa, na misioni ya mbali, na jina lililoenea Ulaya yote, humwogopa kila mtu awezaye kuwavuta wanafunzi wake upande mwingine, na huita hofu hiyo wivu kwa ajili ya nyumba ya Bwana. Twasema haya kwa woga, kwa kuwa hata kwetu tumeona chama kilichoanzwa kwa kuwazuru wagonjwa kikapata shamba, na tangu kupata shamba mikutano yake yote ikawa ya kulinda mipaka ya shamba.

Francke alifariki tarehe 8 Juni mwaka wa 1727, ana miaka 64. Mwaka ule hesabu ya watu wote wa nyumba iliandikwa. Katika shule ya wakuu walikuwamo wanafunzi 82. Katika shule ya Kilatini 400. Katika shule za Kijerumani za wenyeji, wavulana na wasichana, 1,725. Waalimu walipita 150. Mezani walilishwa wanafunzi 255 wa chuo na watoto maskini 360 wa shule. Na yatima, ambao jina la nyumba lilikuwa lao, walikuwa 134: wavulana 100 na wasichana 34.

Mtu atasema ya kwamba yatima 134 ni wengi kuliko tisa, na kwamba wasingalilishwa kama lisingalikuwako duka la dawa. Ni kweli. Mwingine atasema ya kwamba karibu na watu elfu mbili yatima wamekuwa kama mgeni katika nyumba yao wenyewe. Na hilo ni kweli. Sisi tumeona tu ya kwamba jina la nyumba halikubadilishwa kamwe, na pengine ndiyo sababu watu walichelewa kuona kilichobadilika.

Mwanawe, Gotthilf August Francke, na mkwewe, Johann Anastasius Freylinghausen, wakaishika kazi. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1729, mfalme akaamuru ya kwamba katika nchi zake asiwekwe mchungaji wa Kilutheri ambaye hakusoma Halle walau miaka miwili. Wengine waliiona amri hiyo kuwa ushindi. Lakini fikirini, ninyi waalimu. Lile lililompata kijana mmoja Lüneburg usiku, akiwa peke yake juu ya magoti yake, bila shahidi, sasa lilitakiwa lionekane kwa kila kijana atakaye kazi ya serikali. Vijana wakajifunza jinsi ya kuzungumza habari za toba yao, na wakubwa wao wakashindwa kutambua ni yupi aliyelia kwa kweli. Hata bwana Zinzendorf, aliyelelewa katika shule ya wakuu ya Halle tangu mwaka wa 1710 hata 1716, baadaye alionwa na watu wa Halle kuwa na upungufu, kwa kuwa hakuweza kuonyesha vita vya toba kwa namna iliyozoewa.

Friedrich Wilhelm akafa mwaka wa 1740, akamfuata mwanawe, aliyekuwa na chuki na watu wa utauwa. Jambo la kwanza alilofanya kuhusu Halle lilikuwa kumwita Wolff arudi. Alirudi mwezi wa Desemba mwaka ule ule, na watu wa mji wakampokea kwa shangwe. Nyumba iliyokuwa imeegemea mkono wa mfalme ikaona ya kwamba wafalme hubadilika. Haikuanguka. Mwaka wa 1742 ilimpeleka Heinrich Melchior Mühlenberg Pennsylvania, naye akawakusanya Walutheri waliotawanyika kule Marekani. Lakini kuelekea mwisho wa karne ile shule zake zilipungukiwa na wanafunzi, mpaka kitukuu cha Francke, August Hermann Niemeyer, alipoziinua tena.

Mambo yaliyofuata twayapita upesi. Baada ya vita kuu ya pili, mwaka wa 1946, shirika likafutwa na mali zake zikatiwa chini ya chuo kikuu, na majumba yakachakaa miaka mingi. Ujerumani ilipoungana tena mwaka wa 1990, shirika likarudishwa, paa zikatengenezwa, na watoto wanasoma tena katika uwanja ule mrefu. Nyumba kuu ya mwaka 1698 sasa ni mahali pa maonyesho. Wageni hupanda ngazi kwenda kumtazama yule mamba. Nje, chini ya paa, tai wawili aliowaweka Francke kwa ajili ya neno la Isaya, mwisho wa sura ya 40, wangali wanaruka kuelekea jua.